Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Msomaji mmoja ameniandikia barua kupitia gazeti hili. Anauliza: "Wewe ni mama wa namna gani, hukulia hata siku ya kumzika mwanao?"

Nimeisoma mara tatu. Sikumkasirikia. Leo nitamjibu, ila anivumilie kidogo, maana jibu lenyewe lina njia ndefu na linapitia kwenye karatasi za ukutani.

Kwa aliyechelewa kuanza kusoma: nilikuwa na binti mmoja wa miaka sita. Tulimwita Sisimizi, kwa sababu alikuwa mdogo na hakupita mahali mikono mitupu. Siku zote amebeba kitu. Kizibo, kijiti, kiatu cha mtu. Homa ilimchukua kwa siku mbili tu.

Baada ya hapo nikafukuzwa kazi kwenye kiwanda cha sare. Nilishona mashati sitini yenye mikono ya kushoto pande zote mbili, na sikuona kosa lolote mpaka msimamizi aliponivalisha moja mbele ya wenzangu. Nikabaki nyumbani na mama mkwe wangu, ambaye hatukuwa tunasemeshana naye ila kwa lazima. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Katikati ya wiki yuko juu ya minara, mwisho wa wiki yuko nyumbani.

Mtu akikalia mguu vibaya, mguu unakufa ganzi. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na nilikuwa nimeshazoea.

Wiki iliyopita niliishia pale mlango uliposukumwa kwa goti, mume wangu akaingia amekumbatia roli saba za karatasi kama mtu aliyebeba kuni.

"Za nini hizo?" nikamuuliza.

"Za chumba cha kulia."

Akapiga magoti, akaikunjua roli moja sakafuni. Chini kulikuwa na bluu nzito ya usiku. Juu yake maua ya rangi ya machungwa, kila moja pana kama sinia, majani kama masikio ya tembo, na katikati ya majani, tausi.

Mama mkwe alitoka chumbani kwake akiegemea kifimbo chake. Akatazama.

"Hao ni tausi au mbuni?"

"Tausi, mama."

"Mbona wakubwa kuliko mimi?"

Nikieleze chumba chenyewe. Ni hatua tatu kwa nne. Ukishaweka meza na viti vinne, anayetaka chumvi hainuki. Ananyoosha mkono tu hadi jikoni.

"Kitatumeza," mama mkwe akasema. "Chumba kama kiberiti, wewe unakijazia tausi. Tutakula tunatazamwa."

"Afadhali kutazamwa, mama. Kwa sasa tunakula kwenye ofisi ya posta." Akanigeukia mimi. "Na wewe unasemaje?"

"Sawa."

"Sawa unazipenda, au sawa huzipendi?"

"Sawa."

Akakaa sakafuni na karatasi yake mapajani.

"Miezi kumi na minne," alisema. "Kila nikikuuliza kitu, sawa. Nikikuambia nyumba inaungua utasema sawa?"

Nililifikiria swali hilo kwa dhati. Sikupata jibu lingine.

Jumatatu akaondoka kwenda mnarani. Aliacha maagizo kwamba fundi atakuja Jumatano, na kwamba yeye atarudi Ijumaa akute tausi wamekaa ukutani.

Asichokijua ni hiki: ili karatasi zibandikwe, kabati la vyombo lilikuwa lazima lisogezwe.

*

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anaitwa Mama Gundi mtaa mzima. Alikuja na ngazi, ndoo mbili, meza ya kukunja, na timazi ya kupimia wima wa ukuta iliyoning'inia shingoni kama mkufu.

Alisimama katikati ya chumba, akazunguka mara moja. Mara ya pili haikuhitajika.

"Mumeo anajua anachofanya," alisema.

"Mama mkwe anasema kitatumeza."

"Wengi wanaogopa hivyo hivyo. Chumba kidogo, wanakibandika vimaua vidogo vidogo. Matokeo yake chumba kinakuwa kama kimeugua surua. Chumba kidogo kipe ua kubwa, dada. Kipe kitu cha kujivunia. Jicho likishikwa na tausi linasahau kuhesabu kuta."

Akamimina unga wa gundi kwenye ndoo, akaukoroga polepole.

"Na chumba cha kulia ndio mahali pake. Ungeweka hizi chumba cha kulala ungeota ndoto mbaya. Hapa unakula, unashiba, unaondoka."

Lugha yetu ina utani mbaya. Chumba cha kulia, tunasema, wala hatutaji ni kulia kupi. Mimi nilikuwa nikiketi mle kila siku, na sikuwa nakula vizuri wala sikuwa nalia.

"Kabati hili tunalipeleka wapi?" akauliza.

"Liache hapo."

"Nitabandikaje nyuma yake? Kwa mkono wa jini?"

Sijamjibu, ameshaliwekea bega. Kabati likalia sakafuni, vyombo vikagongana, ukuta ukabaki uchi.

Mama Gundi akasimama, mikono kiunoni.

Ilikuwa picha. Kalamu za nta, rangi zote. Watu wanne kwenye meza moja yenye miguu mitano. Mmoja mrefu mwekundu, kichwa kimetoboa paa. Mmoja bluu, ameshika kijiko. Mmoja ana kifimbo. Na mmoja mdogo kabisa, vidole sita kila mkono. Jua liko ndani ya nyumba pamoja nao.

Chini ya picha, kushoto, palikuwa na doa pana la kijivu. Rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka hadi kwenye lipu.

"Mtoto wako?"

"Ndiyo."

"Yuko shule?"

"Amekufa."

Nililisema kama mtu anavyomwambia mwenzake duka limefungwa. Mama Gundi akaweka brashi chini.

"Pole sana, dada yangu."

"Asante."

Alingoja, nadhani, nianze kulia ili anishike. Sikuanza. Akajikohoza.

"Sasa... gundi haishiki kwenye nta. Nikibandika hivi hivi, mwezi hauishi karatasi imeachia. Hapa lazima nikwangue."

"Anza upande wa dirisha," nikamwambia. "Hapa tumalizie."

*

Wewe uliyeniandikia barua, sogea karibu. Hili sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Siku ile nilikuwa na zamu ya alfajiri kiwandani. Nilitoka Sisimizi amelala. Nimerudi saa sita mchana namkuta nyumbani, hakwenda shule. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Wiki ile tulikuwa tumegombana kwa sababu ya sufuria aliyoiunguza, nami nilikuwa nimemwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe.

"Kwa nini hukwenda shule?"

"Kichwa kinaniuma."

Ilikuwa siku ya imla. Sisimizi hakupenda imla hata kidogo. Nikajua, au nikadhani najua.

Kisha nikauona ukuta. Mume wangu alikuwa ameupaka rangi siku chache kabla, kwa mikono yake mwenyewe, siku yake ya mapumziko.

Nikampa ndoo, sabuni, na brashi ya kufulia.

"Sugua."

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Ulipokuwa unachora hakikuuma?"

Akaanza kusugua. Mimi nikaketi mezani kuchambua mchele, nimempa mgongo. Nilikuwa nasikia brashi tu. Ikisimama, nasema, "Sikusikii." Inaanza tena.

Nilisema hivyo mara tatu. Mara ya tatu brashi haikuanza.

Nikageuka. Alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, macho amefumba.

"Mama," alisema, "ukuta una baridi nzuri."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Baada ya hapo alisema mengi, lakini ya homa.

Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo. Nikamuuliza kama angeletwa asubuhi ingekuwaje. Akasema, "Labda." Alikuwa mtu mwema, asingeweza kusema zaidi ya hapo.

Nikawaambia watu wote homa ilimwangusha akicheza. Mume wangu, majirani, mwalimu wake. Tulipotoka makaburini, wageni wakiwa uani, niliingia chumba cha kulia nikalisukuma kabati peke yangu mpaka likafunika ukuta. Kabati lile waliliingiza wanaume wawili wakipokezana kupumzika. Mimi sikumbuki hata kama lilikuwa zito.

Basi ndilo jibu lako. Anayelia ni mwenye haki ya kulia. Mimi niliona yangu nimeiacha kwenye ndoo ile.

*

Kufikia saa saba kuta tatu zilikuwa zimekwisha.

Sitamnyima mtu sifa yake. Mama Gundi alikuwa anaoanisha tausi na tausi, jani na jani, hadi usione karatasi moja imekomea wapi na nyingine imeanzia wapi. Pembe za chumba zilipotea. Ungesema kuta zimerudi nyuma kuwapisha wale ndege.

"Umeona?" akasema. "Nilikuambia."

"Nimeona."

"Umependa?"

"Kimebadilika," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Tukala chakula cha mchana uani. Mama mkwe akatuletea chai mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akarudi ndani bila neno. Tulipomaliza, Mama Gundi akanawa mikono, akaingia kuendelea. Dakika haikupita akanitokea mlangoni.

"Dada, ile roli ya mwisho umeisogeza?"

"Hapana."

"Zilikuwa saba. Sita nimemaliza. Karatasi haina miguu."

Tukatafuta chini ya meza. Tukatafuta nyuma ya mlango, jikoni, mpaka kwenye pipa la takataka. Mama Gundi akahesabu mabaki yake yote sakafuni, akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini pa chumba chake, anamenya maharage.

"Mama, hujaona karatasi moja hapa?"

"Labda tausi wameruka," akasema, hakuinua macho.

Nilitazama mikono yake. Maganda alikuwa anayatia kwenye bakuli, maharage anayatupa chini.

Nikampita, nikaingia chumbani kwake. Katika miezi kumi na minne sikuwa nimekanyaga mle. Nikainama chini ya kitanda. Ilikuwa pale, imeviringishwa ndani ya shuka, kama mtoto aliyelazwa.

Nikasikia kifimbo nyuma yangu.

"Funga mlango," mama mkwe akasema.

Nikaufunga.

"Mama, huu ni mchezo gani?"

"Ile picha haifunikwi nikiwa hai."

"Picha gani?"

"Usinifanye mtoto mdogo, mke wa mwanangu. Unadhani mimi naamini kabati lilitembea lenyewe? Kila ukienda sokoni, mimi huegemea ukuta nikachungulia kwenye ule mwanya. Naona kifimbo changu na nusu ya uso wangu. Mengine sikuyaona mpaka leo asubuhi."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile." Akaketi kitandani taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. "Nilikuwa humu. Kuta za nyumba hii si za mawe. Nilisikia ndoo, nikasikia brashi. Nikasikia unasema 'sikusikii'. Mara tatu."

Nilingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Nikaketi kando yake, roli ikiwa mapajani mwangu.

"Kwa nini hukumwambia mwanao?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba nilimsuguzisha ukuta mtoto mgonjwa."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno hayo. Yalitoka makavu, kama mtu anayesoma tangazo.

Mama mkwe akaegemeza kifimbo chake kitandani. Uani Mama Gundi alikuwa anaosha ndoo.

"Asubuhi ile wewe ukiwa kazini," akaanza, "mtoto alikuja kitandani kwangu. Nikamshika hapa." Akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Alikuwa wa moto kama pasi. Nikamwambia asiende shule. Nikampa maji. Nikasema, mama yake akirudi nitamwambia ampeleke hospitali."

"Hukuniambia."

"Ulirudi, nikasikia sauti yako mlangoni. Nikaikumbuka ile sufuria. Nikajisemea, mimi nimeshaambiwa sina akili ya kupika hata uji, akili ya kujua homa nitaitoa wapi? Acha ajionee mwenyewe. Ni mwanawe. Nikafunga mlango."

Nikautazama ule mlango.

"Wewe hukujua mtoto anaumwa. Mimi nilijua. Nilikaa hapa hapa, pazuri kabisa, naisikia ile brashi, na ninajua. Nikasema akisugua mara moja tu zaidi, natoka. Akasugua. Nikasema mara moja zaidi."

"Mama."

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa tuko kata mbili." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu kama yangu. "Nilikuwa nadhani unanichukia, ndiyo maana husemi nami. Kumbe unajichukia mwenyewe. Na wewe ulidhani ninakuchukia, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi."

Tukakaa hivyo. Ningependa kuwaambia kwamba tulikumbatiana, kwa sababu hadithi ingependeza. Hatukukumbatiana. Alinyoosha mkono, akanitoa uzi uliokuwa umening'inia begani mwangu, akaukunja kidoleni.

"Tutaibandika au hatuibandiki?" nikauliza.

Kabla hajajibu, honi ililia nje.

*

Ilikuwa saa kumi. Ijumaa ilikuwa bado siku mbili. Lakini honi ile naijua, ni ya gari la kampuni ya minara.

Alikuwa ameshaingia tulipotoka chumbani. Sauti yake ilitangulia.

"Upepo umetufukuza! Mnara unayumba, msimamizi kasema shukeni, rudini makwenu. Tausi wangu wako wapi?"

Nikasikia akifungua mlango wa chumba cha kulia. Nikasikia anapiga makofi mara moja. Kisha sikusikia chochote.

Mama Gundi alinitazama, akatazama ngazi yake, akaichukua. Fundi aliyeingia nyumba nyingi hujua saa ya kutoka.

"Nitarudi kesho," alinong'ona, akaenda zake na timazi shingoni.

Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya tausi. Kuta tatu zilikuwa zinawaka bluu na machungwa. Ukuta wa nne ulikuwa vile vile, mweupe uliochakaa, na picha katikati.

Alisogea. Akanyoosha kidole, akamgusa yule mtu mrefu mwekundu.

"Huyu ni mimi," alisema. "Kichwa kimetoboa paa."

Akacheka. Kicheko kikaanza vizuri, kikakatikia njiani.

"Ilikuwa huku nyuma ya kabati?"

Akalitazama kabati pale liliposogezwa.

"Alichora lini?"

Mama mkwe alikuwa kulia kwangu. Nilisikia pumzi yake.

"Ukuta huu niliupaka mimi," mume wangu akaendelea, hakutuangalia bado. "Niliupaka Jumamosi. Jumapili nikaondoka. Nimerudi, nimerudi kuzika. Kwa hiyo alichora wiki ile. Katikati ya hapo."

Akachuchumaa. Mtu anayepanda minara ana jicho la kuona bolti iliyolegea kutoka mbali. Akaweka kiganja kwenye doa la kijivu.

"Hapa pamesuguliwa."

Akapandisha kiganja taratibu mpaka doa lilipoishia. Liliishia chini sana.

"Mtu mzima angesugua kuanzia juu," alisema. "Aliyesugua hapa alikuwa na kimo cha meza."

Akainuka. Sasa alikuwa ametugeukia.

"Mliniambia alianguka akicheza."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Nilikuwa nimeyasema mara moja, nusu saa iliyopita, chumbani kwa mama mkwe, na nilijua sasa kwamba maneno yale hayachomi ulimi. Ningeweza kuyasema tena.

"Ni mimi," mama mkwe akasema.

Alipiga hatua moja mbele, kifimbo kikagonga sakafu.

"Mimi ndiye niliyempa ndoo. Mkeo alikuwa kazini. Mtoto alisema kichwa kinamuuma, nikasema anadeka. Nikamwambia asugue. Mkeo aliporudi alimkuta ameshakuwa hoi. Akanifichia. Kabati alilisukuma kwa ajili yangu."

"Mama?"

"Umesikia, mwanangu. Usinirudishe nyuma."

Mume wangu alinitazama. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na nyuma yake wale tausi wote wamenikodolea.

"Ni kweli?"

Mama mkwe naye alinigeukia. Sikuona ombi machoni pake. Lilikuwa agizo, kama mtu mzima anavyomwambia mtoto ashike upande mwepesi wa mzigo.

"Nakuuliza wewe. Ni kweli?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisimama mlangoni na roli ya karatasi kifuani.

Alichukua kimya changu kuwa jibu. Akapita kati yetu, akaingia chumba cha mama yake. Nikasikia droo zikivutwa. Akatoka na begi, mikono ya nguo inaning'inia pembeni.

"Gari lipo nje," alimwambia, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nakupeleka kwa dada. Sasa hivi. Sitaki kusikia neno, mama, nakuomba, maana sijui nitakujibu nini."

"Sawa, mwanangu."

Alianza kutembea. Njia ya kutokea ilikuwa hapo niliposimama mimi. Alipofika mbele yangu alisimama kungoja nimpishe.

Mwanamke wa miaka sabini na moja. Alikuwa na ganda la harage limenasa kwenye mkono wa gauni.

Nikaiona miguu yangu ikisogea pembeni.

Akapita.

Mume wangu akatangulia uani na begi. Mama yake akamfuata polepole. Kifimbo, mguu, kifimbo, mguu. Dereva wa kampuni akashuka kumfungulia mlango. Nikajisemea, ndiyo basi, limekwisha. Hata hilo halikuniuma, ila vidole vyangu nilivitazama nikaona vimeitoboa karatasi.

Kisha mume wangu akasimama katikati ya uwanja.

Aliweka begi chini, akabaki hivyo, ametupa mgongo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo.

Akageuka, akarudi. Akampita mama yake, akapanda ngazi za barazani, akaja mpaka nilipokuwa.

"Siku ile nilikupigia simu," alisema. "Nilikuwa juu ya mnara. Ilikuwa saa saba, tunakula, jamaa zangu wapo ni mashahidi. Ulipokea."

Simu hiyo, wasomaji wangu, sikuwaficha. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilikuwa nimeisahau hadi alipoitamka, ndipo nikaisikia inalia mezani, juu ya mchele.

"Ulikuwa nyumbani," aliendelea. "Nilisikia kitu nyuma yako. Shh, shh, shh. Nikakuuliza ni nini hicho, ukaniambia unafua, nikakuamini, tukaongea mambo mengine."

Nyuma yake uani mama mkwe alikuwa amegeuka. Alikuwa ananitikisia kichwa. Hapana. Hapana.

"Simu unaishikilia kwa mkono mmoja," mume wangu akasema. "Mwingine ulikuwa unafua nini?"